Excel ilivyotafuna namba zetu za NIDA

Nilipokabidhiwa ukatibu wa kikoba chetu, kazi ya kwanza ilikuwa kuhamisha daftari kwenda Excel: majina 41, namba za simu, namba za NIDA, yaani za kitambulisho cha taifa. Jioni mbili nikamaliza, binti yangu akinisomea, mimi nikigonga.

Dalili ya kwanza niliidharau. Namba za simu zilipoteza sifuri ya mbele, 0754 ikawa 754. Nikasema si kitu, nani asiyejua simu inaanza na sifuri? Kwenye NIDA, badala ya tarakimu 20, seli ikanionyesha 1.985E+19. Nikabofya hapa na pale, nikageuza kolamu kuwa Number, tarakimu zikajitandaza zote, nikajipongeza. Orodha ikaenda benki. Siku ya tatu ikarudi: namba 38 hazitambuliki.

Kulinganisha na daftari, naona kila namba imeishia na sifuri tano. Kumbe Excel hubeba tarakimu 15 tu kwenye namba. Kuanzia ya 16 inageuza sifuri, kimya kimya, bila hata kuuliza. Na zikishakwenda hazirudi. Ukibadilisha kolamu kuwa Text baada ya kuandika, unapata sifuri zilezile. Waliosalimika ni watatu ambao binti yangu aliwasoma na vistari vyao, kama ilivyo kwenye kitambulisho. Excel ikiona vile vistari inajua hii si hesabu, inaiacha.

Basi kabla hujaandika chochote, chagua kolamu nzima, bonyeza Ctrl na 1, chagua Text, ndipo uanze. Kwa seli moja mbili, tanguliza alama hii: '. Itatokea pembetatu ndogo ya kijani kwenye kona, ikilalamika kwamba umehifadhi namba kama maandishi. Iache ilalamike. Mwenzangu mmoja, mwenye nia safi kabisa, alidhani zile pembetatu ni makosa yangu, akabofya Convert to Number kolamu nzima. Tukarudi kwenye daftari mara ya pili, na safari hii binti aligoma kusoma.

Faili za CSV nazo, yaani orodha zilizohifadhiwa kama maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato, usizifungue kwa kubofya mara mbili, maana sifuri za mbele zitaliwa hapohapo. Fungua Excel tupu, nenda Data, kisha From Text/CSV, uiambie kolamu ipi ni Text.

Wala usidhani ni sisi wa vikoba tu. Mwaka 2020 wataalamu wa jeni walitangaza kanuni mpya za majina, na baadhi ya jeni za binadamu zikabadilishwa majina kwa sababu Excel ilikuwa ikizigeuza tarehe. MARCH1 ilisomwa kama siku ya mwezi Machi, sasa inaitwa MARCHF1. Yaani wanasayansi wazima wameona ni rahisi kubadili jina la jeni kuliko kubishana na programu ya ofisi!

Mwaka 2023 Microsoft ilileta mpangilio wa kuzima ujuaji huu: File, Options, Data. Kama una toleo jipya, zima leo. Kompyuta ya kikoba chetu ina Excel 2010, kwa hiyo daftari bado lipo, kabatini kwa mweka hazina.