Kabla ya tovuti nzuri, mteja akupate kwanza

Mwenye biashara ndogo akiniomba nimsaidie kuingia mtandaoni, mara nyingi anaanza na tovuti: itakuwa na rangi gani, nembo ikae wapi. Miaka ya kufanya kazi hii imenizoesha kuyaweka hayo kando kwanza. Tunaandika jina la biashara kwenye Google kama mteja angeliandika, tunaona kinachotokea. Si ajabu kukuta biashara imeshaingizwa kwenye ramani bila mwenyewe kujua, ikiwa na namba isiyopatikana na saa za kazi alizozikisia mtu mwingine. Hapo ndipo pa kuanzia: kulidai lililo lako.

Wasifu wa biashara kwenye Google, yaani hayo maelezo yako yanayoonekana kwenye utafutaji na kwenye ramani, ni bure. Hadi mwaka 2021 huduma hiyo ikiitwa Google My Business, kwa hiyo usishangae ukikutana na maelekezo ya zamani yenye jina hilo. Kabla ya kukukabidhi, Google watataka uthibitishe kwamba biashara ni yako, na njia wanachagua wao. Siku hizi mara nyingi ni video inayoonyesha barabara, bango, na wewe mwenyewe ukifungua mlango au ukitumia vifaa vya kazi. Bango likiwa bado halijawekwa, subiri liwekwe ndipo uirekodi.

Jina liandike kama lilivyo kwenye bango, basi. Kulibandika maneno kama "bora" au "bei nafuu" ni kuvunja kanuni zao, na wasifu unaweza kusimamishwa. Nguvu hiyo ipeleke kwenye kuchagua aina ya biashara, sehemu ambayo wengi huijaza haraka haraka. Kama unashona viatu, chagua fundi viatu, usichague duka. Google wenyewe wanaeleza kwamba matokeo ya karibu hupangwa kwa mambo matatu: unavyolingana na kinachotafutwa, umbali wako na anayetafuta, na unavyojulikana. Umbali huwezi kuubadilisha. La kwanza limo mikononi mwako kabisa, na halihitaji hata senti.

Kama unawafuata wateja walipo na hupokei mtu nyumbani, ficha anwani na utaje maeneo unayoyahudumia. Mipangilio ya wasifu inaruhusu hilo.

Saa za kazi nazisisitiza kuliko picha. Mtu aliyesafiri hadi kwako kwa kuamini saa ulizoandika, akakuta mlango umefungwa, ana haki ya kukasirika, na ni vigumu kumrudisha. Siku za sikukuu zina sehemu yake maalumu, zijaze mapema. Na jina, anwani na namba ya simu viandikwe vilevile kila mahali unapoonekana, herufi kwa herufi.

Kuhusu maoni ya wateja, omba. Watu walioridhika huondoka kimya, ila wengi wako tayari kuandika wakiombwa kazi ikiwa bado mbichi machoni pao. Watumie kiungo cha moja kwa moja, wasihangaike kutafuta. Usinunue maoni wala usiahidi punguzo ili mtu akupe nyota, Google wanakataza. Likija la lawama, jibu kwa utulivu na kwa ufupi, ukijua kwamba msomaji wako hasa ni mteja wa kesho, anayepima jinsi unavyowatendea watu mambo yanapoharibika.

Mitandao ya kijamii? Chagua mmoja ambao wateja wako wapo na utakaouweza. Ukurasa ulioachwa muda mrefu humfanya mtu adhani umefunga. Kama watu tayari wanakuandikia WhatsApp, hamia WhatsApp Business: ina katalogi ya bidhaa, majibu ya haraka, na ujumbe unaojituma wenyewe ukiwa haupo.

Sasa tovuti, maana naipenda na sitaki mtu aiache. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp vilitoweka kwa pamoja kwa takriban saa sita, na biashara zilizokuwa huko tu hazikuwa na pa kupatikana. Mwezi Machi 2024 Google wakazima tovuti za bure zilizotengenezwa kupitia wasifu wa biashara, hata kama anwani ile ulikuwa umeshaichapisha kwenye kadi. Ndiyo maana nashauri kila mtu awe na domeini yake, yaani jina lake mwenyewe la tovuti, hata kama nyuma yake kuna ukurasa mmoja tu.

Ukurasa huo useme unafanya nini, uko wapi, unafungua lini, na unapatikanaje. Bei pia, kama zinatajika. Maneno yawe maandishi halisi, yasiwe yamefungiwa ndani ya picha ya tangazo: mtu asiyeona anayesomewa na simu hatayapata, na namba iliyo ndani ya picha haibonyezeki ikapiga. Picha zipunguze ukubwa kabla ya kuzipandisha. Anwani ianze na https, ishara kwamba mawasiliano na tovuti yamelindwa, kwa sababu tangu Julai 2018 kivinjari cha Chrome huonyesha onyo kwenye kurasa zisizo nayo. Cheti cha kuwezesha hiyo https hutolewa bure na shirika la Let's Encrypt.

Na hili nawasihi sana. Fundi wa tovuti akikusajilia domeini kwa jina lake na barua pepe yake, siku mkikosana au akihama, huna tovuti. Nimewaona watu waliolazimika kuanza upya kwa jina jingine kwa sababu hiyo. Sajili wewe mwenyewe, fundi mpe ruhusa ya kufanya kazi tu. Akaunti zote ziwe na uthibitishaji wa hatua mbili, yaani nywila pamoja na uthibitisho wa pili kama msimbo wa simu, na mtu wa pili unayemwamini awe msimamizi pamoja nawe. Domeini hulipiwa kwa kipindi, kwa kawaida kila mwaka, kwa hiyo barua za kukumbusha malipo ziende kwenye anwani unayoifungua kila siku.