Swali la lugha: "Vimbunga vinaongezeka" au "vimbunga vikali huongezeka"?

Dada mmoja mwandishi wa redio huko Lindi kaniuliza hivi: "Shikamoo mwalimu. Niliandika habari nikaipa kichwa 'Vimbunga vinaongezeka', mhariri wangu akakikata akaweka 'Vimbunga vikali huongezeka'. Nani yuko sahihi? Halafu kimbunga kikishaingia nchi kavu bado tukiite kimbunga?"

Marahaba dada. Mhariri wako kaona ugonjwa ulipo, ila dawa aliyoweka siyo yenyewe.

Tuanze na kichwa chako. Ukiwa na kiima cha wingi, kitu kinachohesabika, halafu ukasema kinaongezeka bila kutaja kinachoongezeka ni nini hasa, msikilizaji anaenda moja kwa moja kwenye idadi. Wagonjwa wanaongezeka, magari yanaongezeka, hakuna atakayedhani magari yanazidi kunenepa. Kwahiyo mtu akisikia "vimbunga vinaongezeka" anaelewa kwamba zamani vilikuwa vichache na sasa ni vingi, na hapo ndo habari inapokwenda kombo, maana wataalamu hawajasema hivyo. Duniani kwa mwaka zinatokea dhoruba za kitropiki na vimbunga kama 80 hadi 90 hivi, mwaka mmoja zaidi, mwingine pungufu, na ile ripoti ya 2021 ya jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi haikuthubutu kusema idadi yote kwa jumla imepanda. Ilichosema ni kwamba katika miongo minne iliyopita, vile vikali, yaani vya daraja la 3 hadi la 5, ambavyo upepo wake unaanzia kilomita 178 kwa saa, inaelekea vimekuwa sehemu kubwa zaidi ya vimbunga vyote. Ni kama darasa lina wanafunzi 40 walewale, ila wanaopata A wamekuwa wengi kuliko zamani, huwezi kuandika kwamba wanafunzi wameongezeka.

Sababu yake haijifichi. Kimbunga kinakula joto la bahari, maji yakifika nyuzi 26 au 27 hivi na kuendelea ndo kinapata cha kula, na maji yakizidi joto chakula kinazidi, halafu hewa nayo ikipanda joto kwa nyuzi moja inabeba mvuke zaidi kwa kama asilimia 7, kwahiyo hata mvua yake inakuwa nzito.

Sasa kama ni ukali ndo unaoongezeka, mpe ukali nafasi ya kiima: "ukali wa vimbunga unaongezeka", au tumia kuzidi, "vimbunga vinazidi kuwa vikali", kitenzi kizuri sana hiki na sijui kwa nini waandishi wa habari tunakiacha wakati mtaani watu wanakitumia kila siku.

Turudi kwa mhariri na hiyo "hu-" yake. Hu- ni ya mazoea, ya jambo ambalo ndivyo lilivyo siku zote. "Vimbunga huzaliwa kwenye bahari yenye joto", sawa. "Huku kusini mwa ikweta vimbunga huzunguka kufuata mshale wa saa", sawa kabisa. "Vimbunga huongezeka Januari na Februari", hii nayo ni sawa kwa kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, maana msimu wa kule unaanza Novemba mpaka Aprili na kilele chake ni hapo katikati. Umeona? Hu- na kuongezeka vikikaa pamoja vinaleta habari ya msimu, kitu kinapanda kinashuka kila mwaka, wakati mhariri alitaka kusema jambo lililoanza miaka ya nyuma na bado linaendelea, na hilo Kiswahili kimelitengenezea umbo lake: "vimekuwa vikiongezeka". Ile -me- ya kwanza inakuambia jambo lina historia nyuma yake, ile -ki- ya pili inakuambia halijakoma. Mimi ningeandika "Vimbunga vikali vimekuwa vikichukua nafasi kubwa zaidi", ni kirefu kwa kichwa cha habari, najua, basi "Vimbunga vinazidi kuwa vikali" inatosha na haidanganyi.

Hapa niongeze kitu kwa sababu wewe uko Lindi. Watu watakuambia mbona zamani hatukusikia vimbunga, basi vimeongezeka kweli. Wakumbushe Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja kikang'oa mikarafuu na minazi mashamba kwa mashamba, na Aprili 1952 kikapiga hapohapo kwenu Lindi. Kabla ya setilaiti kuanza kuangalia bahari yote, kimbunga kilijulikana pale tu kilipokutana na meli au kilipopiga pwani yenye watu, vingine vilizaliwa vikafa huko katikati ya bahari bila shahidi, ndo maana ukipima mwenendo wa muda mrefu kwa kauli ya "hatukusikia" unakosea. Na angalia miezi: 1872 Aprili, 1952 Aprili, Kenneth kilichopiga Cabo Delgado huko Msumbiji ni Aprili 2019, Jobo kilichofifia kabla ya kufika kwetu Aprili 2021, Hidaya mwanzoni mwa Mei 2024. Vimekuja wakati wa maleleji, kaskazi imeisha na kusi haijakaa sawasawa, wazee wa bahari walikuwa na sababu ya kutouamini huo wakati. Kwa hilo ndo utumie hu- bila wasiwasi, "vimbunga vinavyofika pwani yetu huja zaidi maleleji".

Swali la nchi kavu. Kitaalamu jina linafuata nguvu ya upepo. Chini ya kilomita 118 kwa saa hivi, kwa ukanda wetu huu, ni dhoruba ya kitropiki, kuanzia hapo ndo kimbunga, na kikiingia nchi kavu kinakatiwa maji ya moto kwahiyo upepo unashuka haraka. Hidaya ilikuwa hivyo, kimefika Mafia kikapoteza nguvu. Lakini ukitangaza "kimbunga kimekwisha" watu wanarudi mabondeni wakati mvua haijakwisha, na kwa Hidaya hiyohiyo mvua ilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi eneo la Somanga, magari yakakwama. Freddy ya 2023 ndo mfano mkubwa: ilizaliwa Februari karibu na Australia, ikavuka Bahari ya Hindi yote, ikapiga Madagascar, ikapiga Msumbiji, ikarudi baharini kujaza nguvu, ikapiga Msumbiji tena, halafu vifo vingi vikatokea Malawi, nchi isiyo na bahari, upepo ukiwa umeshashuka, watu zaidi ya 1,000, wengi wamefukiwa na matope milimani kule Blantyre. Tena kuna utafiti wa 2020 wa vimbunga vya Atlantiki unaoonyesha kwamba mwishoni mwa miaka ya 1960 kimbunga kilipoteza kama asilimia 75 ya nguvu zake ndani ya siku moja ya nchi kavu, sasa hivi kama asilimia 50 tu. Kwahiyo nakushauri uandike "kimbunga kimepungua upepo, mvua yake bado", au "mabaki ya kimbunga", usiandike kimekwisha mpaka mvua iishe.

Neno dhoruba lenyewe liache kwa upepo mkali wa aina yoyote ile, tufani hivyohivyo, na kile cha vumbi kinachozunguka uwanjani dakika mbili kikabeba majani ni kisulisuli au chamchela. Vile vya Marekani na vya Ufilipino navyo viite kimbunga tu, ni kitu kilekile.

Utakuwa umeona hapo juu nimeandika "Hidaya ilikuwa" halafu "kimefika". Watu wanaandika vyote viwili, jina likisimama peke yake wengi wanalipa i-, na sioni kosa. Redioni lakini nenda na ki-: "Hidaya kimeingia Mafia", "Idai kilipiga Beira", kwa sababu kimbunga kipo kichwani hata kama hujakitaja, na usilipe a- ya mtu kabisa, akina Hidaya wako wengi huko Lindi na wanakusikiliza. Mara ya kwanza kwenye habari taja kamili, Kimbunga Hidaya, K kubwa, ukishapita hapo endelea na kimbunga hicho.