Usimwulize kitabu kinahusu nini: kumfundisha mtoto wa shule ya msingi kuandika aya kuhusu riwaya

Mwambie mtoto wa darasa la tano aandike aya moja kuhusu kitabu alichosoma, uone. Atakupa hadithi yote, mwanzo hadi mwisho, kurasa mbili za daftari bila nukta: halafu akaenda, halafu akamkuta, halafu wakarudi nyumbani. Hapo walimu wengi huanza kulalamika kwamba watoto wa siku hizi hawajui kuandika. Mimi nafundisha Kiswahili shule ya msingi hapa Mwanza, na ninavyoona, mtoto huyo amejibu alichoulizwa. Ukimwuliza kitabu kinahusu nini, atakusimulia. Wewe ungefanyaje?

Na tuseme ukweli kuhusu mtihani. Kwenye Kiswahili cha darasa la saba, sehemu ya utungaji kwa miaka mingi imekuwa kumpa mtoto sentensi nne zilizovurugwa, azipange kwa mtiririko akiandika herufi A, B, C na D. Zoezi lenyewe ni zuri, silidharau. Lakini sentensi ni za mtu mwingine. Mtoto anaweza kuzipanga vizuri kila mara, akafaulu, akaenda sekondari, na hajawahi kuandika sentensi hata moja yenye wazo lake mwenyewe juu ya mtu wa kitabuni. Huko sekondari anakutana na maswali ya wahusika na dhamira, anakimbilia kukariri notisi. Tutamlaumu yeye?

Ushauri wangu ni huu: usianze na aya, anza na swali ambalo watoto wawili wakikaa dawati moja watabishana. Aya itakuja yenyewe, kwa sababu mtu anayebishiwa hutafuta ushahidi.

Nitatoa mfano wa kitabu ninachokipenda kwa kazi hii, Adili na Nduguze cha Shaaban Robert. Ni kifupi, na ingawa Kiswahili chake ni cha zamani, ukiwasomea kwa sauti watoto wa darasa la sita wanakifuata. Liwali Adili, yaani gavana wa mfalme, anaonekana usiku akiwachapa manyani wawili, na akimaliza kuwachapa anawapa chakula. Baadaye tunajua kwamba manyani wale ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliomtosa baharini kwa wivu, na kwamba jini aitwaye Huria ndiye aliyewageuza na kumwamuru Adili awachape kila usiku. Sasa, ukiuliza "Adili ni nani?" utapata jibu moja kutoka darasa zima, na kipindi kimekufa. Uliza hivi: je, Adili anawachukia ndugu zake?

Darasa linagawanyika hapo hapo. Wengine wanasema anawachukia, mbona anawachapa. Wengine wanasema hapana, amelazimishwa. Binti mmoja, ambaye kwao wanaanika dagaa Igombe, alisimama akasema mtu aliyekutosa majini hupandi naye tena mtumbwi, awe ndugu awe nani. Wenzake wakapiga makofi. Nami nikafurahi, lakini sikumwachia hapo. Nilimwambia: hilo umelijua kwa kukaa ziwani, na ni zuri, sasa nionyeshe kitabuni walipomtosa. Akakaa chini kutafuta. Watoto wanapaswa kuizoea mapema tofauti hiyo: maisha yako yanakusaidia kueleza, lakini cha kuthibitisha ni ukurasa. Ukikubali moja bila lingine, unapata ama mahubiri au nukuu tupu.

Wakishabishana kwa mdomo, ndipo wanashika kalamu. Sentensi ya kwanza ni msimamo: mimi naona hivi. Inayofuata ni jambo lililotokea kitabuni, na namba ya ukurasa pembeni. Hadi hapo karibu wote wanaweza. Wanapokwama ni baada ya hapo. Mtoto ameandika kwamba Adili aliwapa manyani chakula, ameweka nukta, ameniletea daftari. Kwake yeye kila kitu kiko wazi.

Dawa niliyoipata ni swali dogo, na analiuliza mwenzake, si mimi. Wanakaa wawili wawili. Mmoja anasoma alichoandika, na kila akifika mwisho wa ushahidi, mwenzake anauliza: "Kwa hiyo?" Basi. Haruhusiwi kuuliza "ikawaje?" kwa sababu hiyo inamrudisha kwenye kusimulia. "Kwa hiyo?" inamlazimisha aseme kwa nini ameuleta ule ushahidi. Mwanzoni wanacheka sana, wanaulizana kwa sauti za kuigiza, mwingine anaiuliza hata kwenye foleni ya uji. Waache.

Tazama tofauti. Kabla ya zoezi hilo, aya inakuwa hivi:

"Adili alikuwa anawachapa manyani. Manyani walikuwa ni ndugu zake. Halafu akawapa chakula. Halafu mfalme akajua."

Baada ya kuulizwa "kwa hiyo?" mara mbili hivi, yule yule anaandika:

"Mimi naona Adili hakuwachukia ndugu zake. Kila usiku aliwachapa, lakini akimaliza aliwapa chakula. Mtu anayekuchukia hakulishi, anakuacha na njaa. Kuchapa aliamriwa na Huria, lakini chakula alitoa kwa moyo wake."

Sentensi nne, hakuna maneno makubwa. Hakuna "mwandishi amefanikiwa kwa kiasi kikubwa", ambayo sijui inatoka wapi lakini naikuta hadi kwenye madaftari ya watoto wa miaka kumi. Mimi naifuta bila huruma. Pia siwapi kiunzi cha kujaza nafasi kwa muda mrefu. Wiki za kwanza sawa, ubaoni iandikwe "Mimi naona... Kitabuni... Hii inaonyesha...". Ikizidi hapo, aya zote arobaini zinafanana, na unasahihisha huku unasinzia.

Kusahihisha kwenyewe kunahitaji nidhamu ya mwalimu. Watoto wengi hapa kwetu nyumbani wanazungumza Kisukuma, kwa hiyo "mzuri" inakuwa "mzuli". Ukiijaza aya yake ya kwanza wino mwekundu kwa ajili ya r na l, safari ijayo ataandika sentensi mbili fupi asizoweza kukosea. Mimi kwenye rasimu ya kwanza naangalia kitu kimoja tu: je, ushahidi unahusiana na msimamo? Tahajia tunairudia wakati wa kunakili kwenye daftari safi, na hapo siachi hata moja.

Najua swali linalofuata: vitabu viko wapi? Darasa lina nakala moja, tena ya mwalimu. Mimi nasoma kwa sauti, kisha ile sehemu ya ubishi, aya mbili tatu tu, nainakili kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila na kuibandika ukutani. Hiyo ndiyo "ukurasa" wetu wa juma zima. Watoto wanasimama pale kuchungulia neno kabla ya kuandika. Kwa kipindi cha dakika 40 usitegemee kusoma, kubishana na kuandika siku moja. Gawa: leo soma na bishaneni, kesho andikeni.

Wakati mwingine nachukua ukurasa wa mtu wa huku huku. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, ikachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, naye mwenyewe ndiye aliyeitafsiri. Kitabu kizima ni kikubwa mno kwa mtoto, na mambo yake mengi ni ya watu wazima. Lakini kipande kinachoeleza maisha ya nyumbani, kikichaguliwa kwa uangalifu, kinawafanya watoto waanze kubishana kabla hujauliza, maana kila mmoja ana bibi anayesema kwao haifanywi hivyo.

Wazazi mlio na watoto darasa la tatu au la nne, msiwalazimishe aya. Msomee mtoto hadithi usiku, ukifika mahali ambapo mtu ameamua jambo, simama, uulize: amefanya vizuri huyu? Akijibu, mwombe akuonyeshe kwenye kitabu ni wapi ameona. Aandike sentensi mbili, jibu na sababu. Na wewe uwe na jibu tofauti na lake, hata kama moyoni unakubaliana naye.