Shangazi, wageni wa harusi nitawapeleka wapi?

*Shangazi, shikamoo. Naolewa mwezi ujao. Wageni wengi wanatoka mbali na hawajawahi kufika mji wetu. Watafika siku mbili kabla ya harusi na kuondoka siku inayofuata harusi. Nimewaandalia ratiba ya matembezi asubuhi hadi usiku, lakini mchumba wangu anasema nimezidisha, kila mtu ajitafutie. Naogopa wakikaa bure watasema hatukuwajali. Nifanyeje?*
*Bi Harusi Mwenye Hofu*

Marahaba, mwanangu, na hongera.

Mchumba wako amepatia nusu. Ratiba hiyo itawachosha watu ambao safari imeshawachosha, na asiyejisikia kwenda ataona haya kukuambia. Lakini kumwambia mgeni ajitafutie katika mji asioujua ni kumfungia chumbani na simu yake. Waandikie mapendekezo machache, kila mtu achague au alale.

Siku ya kufika wanahitaji pa kula karibu na pa kunyoosha miguu, basi. Matembezi yenyewe yawe siku ya pili. Asubuhi ya harusi watu wanapiga pasi na kutafuta pini, kwa hiyo taja sehemu moja tu ya kwenda kwa miguu, kwa wasio na kazi. Siku ya kuondoka, kubwa ni kujua saa ya kukabidhi vyumba na mahali pa kuacha mizigo.

Sehemu tano au sita zinatosha. Unapozichagua, mfikirie mzee asiyeweza ngazi, mama mwenye mtoto mchanga, na vijana ambao hawatatoka kitandani kabla ya saa nne. Weka na zile unazopenda kwenda mwenyewe Jumamosi isiyo na shughuli. Makumbusho ambayo hujayakanyaga tangu darasa la nne, nenda kwanza ukayaone ndipo uyasifie. Tena uulize siku zake, maana makumbusho mengi hufungwa siku moja ya wiki, mara nyingi Jumatatu.

Jina la mahali peke yake halimsaidii mgeni. Andika ni mbali kiasi gani kutoka wanapolala, wapande nini, nauli ya haki ni ipi wasije wakapigwa, panafunguliwa saa ngapi, na kama kuna masharti ya mavazi.

Halafu pesa. Hapa ndipo maneno huzaliwa, mwanangu, kuliko hapo unapopaogopa. Ukiandika "Ijumaa tutapanda mashua", nusu ya wageni watadhani umeshalipa, na nusu watabaki kuulizana pembeni. Andika waziwazi: kiingilio ni kiasi hiki, kila mtu anajilipia. Au: hili tumeligharamia sisi, jiandikisheni kabla ya siku fulani. Mgeni aliyekwishatumia nauli, chumba na zawadi ana haki ya kujua mapema, na sehemu zisizo na kiingilio ziwe nyingi katika orodha yako.

Ukitaka jambo moja la pamoja ili pande mbili zifahamiane, lifanye jioni ya siku ya pili, liishe mapema, na asiyekuja asiulizwe.

Namba yako ya simu isiwemo kabisa. Mtafute binamu mchangamfu anayeujua mji, asiye na jukumu jingine siku hiyo, awe ndiye wa kuulizwa. Bi harusi hapaswi kupigiwa simu na mtu aliyepotea njia huku anapakwa wanja.

Kuhusu watakaosema: wapo ambao hata ukiwabeba mgongoni watalalamika mgongo ni mgumu. Hao usiwapangie chochote.

Mwonyeshe mchumba wako orodha mpya leo jioni, mkubaliane mtagharamia nini. Mkimaliza, itumeni wiki mbili kabla, na binamu airudie kwa ufupi kwenye kundi la WhatsApp siku wageni wanapofika.