Mwanangu, siyo dawa zote zinazokuzubaisha

Baba, meseji yako nimeiona, unauliza kama dawa za aleji na pumu ndo zinakufanya usome ukurasa mmoja mara tatu na hakuna kilichoingia. Inawezekana kabisa, ila usizihukumu zote pamoja.

Mi naanza kuishuku Piriton. Hapa dukani Uyole mwezi wa sita na wa saba, baridi na vumbi vikikutana, watu wanaigombania maana ni bei rahisi na mafua kweli yanakauka, lakini ile ni antihistamini, yaani dawa ya aleji, ya zamani, inapenya mpaka kwenye ubongo na kuzuia histamini, kemikali ya mwili wenyewe, na huko kichwani histamini ndo inayotuweka macho. We unasema unameza usiku ili asubuhi uwe freshi, sasa shida inakaa sana mwilini, unaingia kipindi cha saa mbili bado haijaisha na wewe unajiona umeamka vizuri tu. Ulizia loratadini au fexofenadini, hizo haziingii sana kichwani. Setirizini nayo siyo mbaya ila kuna watu inawalaza, baba yako alisinzia kwenye kikao cha harusi hahaha.

Pampu ya bluu, ile ya kufungua pumzi pumu ikibana, haizubaishi, ukiivuta sana mikono ndo inatetemeka na moyo kwenda mbio, na kama unaitafuta kila siku basi pumu haijatulia, rudi kwa daktari. Ile pampu ya steroidi ya kila siku usiiache eti kwa ajili ya mitihani! Dozi yake ni ndogo na kazi yake ni kwenye mapafu. Halafu hujaniambia, usiku unaamka kukohoa? Maana na baridi la huko Iringa, mtu aliyekohoa tangu saa tisa usiku darasani atasinzia hata kama hajameza kitu.

Kama wamekuandikia montelukasti, kidonge cha pumu na aleji, niambie haraka. Mwaka 2020 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliiwekea onyo lao kali kabisa, kuna watu inawaletea ndoto mbaya, kukosa usingizi, huzuni, hata mawazo ya kujidhuru. Wengi hawapati hayo, ila ukiona dalili hizo usijikaze kiume, mwone daktari siku hiyohiyo na mimi unipigie.

Nitumie picha za maboksi yote na saa unazomeza, leo kabla sijafunga duka.

Mama