Wasomaji Wanauliza: Waliopiga Kambi Wall Street Walidai Nini?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesikia mara nyingi habari za watu waliopiga kambi New York mwaka 2011 wakijiita asilimia 99, yaani watu wote wasio katika asilimia moja ya matajiri wakubwa. Walidai nini hasa, na kwa nini polisi waliwaondoa ilhali walikuwa na amani? Je, waliambulia chochote? (Msomaji wenu, Morogoro)

JIBU: Ndugu msomaji, hasira ile ilianzia mwaka 2008, benki kubwa za Marekani zilipoyumba kwa sababu ya mikopo ya nyumba iliyotolewa ovyo na kisha kuuziwa wawekezaji kana kwamba ni mali salama. Bunge la nchi hiyo liliidhinisha hadi dola bilioni 700 za kuokoa taasisi za fedha, huku mamilioni ya familia wakipoteza nyumba na ajira, na wakuu wa baadhi ya taasisi hizo wakiendelea kulipwa bonasi nono. Waandamanaji walioingia bustani ya Zuccotti, karibu na Wall Street, mtaa wa New York unaojulikana kwa mabenki na soko la hisa, tarehe 17 Septemba 2011, hawakuwa na orodha moja ya madai, na walilaumiwa sana kwa hilo. Naona lawama hiyo haikuwa ya haki, kwa sababu aliyenyang'anywa nyumba halazimiki kuandika muswada wa sheria ndipo malalamiko yake yasikilizwe.

Kuhusu kuondolewa kwao, ni muhimu kujua kwamba Zuccotti ni mali ya kampuni binafsi, ambayo kwa makubaliano na jiji ilipaswa kuiacha wazi kwa umma usiku na mchana, tofauti na bustani za jiji ambazo hufungwa usiku. Hiyo ndiyo sababu waliweza kulala pale kwa takriban miezi miwili. Kwa kuwa hawakuwa na kibali cha kutumia vipaza sauti, msemaji alitamka maneno machache, waliomzunguka wakayarudia kwa pamoja, na walio nyuma yao wakayarudia tena, hadi aliye pembezoni kabisa akasikia. Nauthamini sana utaratibu huo, kwa maana hata asiyekubaliana na msemaji alilazimika kuyatamka maneno yake kabla ya kuyapinga.

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Novemba, chini ya Meya Michael Bloomberg, polisi waliwaondoa kwa hoja ya afya na usalama, na siku hiyohiyo mahakama ikaamua kwamba haki ya kusema haiwapi haki ya kusimika mahema. Maelfu ya vitabu vya maktaba waliyoianzisha vilichukuliwa, vingi vikaharibika au kupotea, na mwaka 2013 jiji likakubali kulipa dola 47,000 kwa ajili ya vitabu hivyo.

Kuhusu walichoambulia, Bank of America, iliyokuwa imetangaza kuwatoza wateja dola 5 kwa mwezi kwa kutumia kadi zao za malipo, ilifuta mpango huo tarehe 1 Novemba 2011, baada ya wateja wenyewe kuja juu. Novemba 2012, wafanyakazi wa migahawa ya vyakula vya haraka wa jiji hilohilo waligoma wakidai dola 15 kwa saa, na mwaka 2016 jimbo la New York lilipitisha sheria ya kukipandisha kima cha chini hatua kwa hatua hadi kiwango hicho.