NVDA inataja vitufe, kwenye visanduku inanyamaza

SWALI: Natumia NVDA, programu inayonisomea skrini kwa sauti. Nimeandika kwa Python skripti inayotoa mlio fokasi (mahali nilipo kwenye skrini) ikifika kwenye kitufe. Tangu niiweke, nikibonyeza Tab nasikia vitufe tu. Kwenye kisanduku cha kuandikia, kimya. Skripti yangu ya zamani nayo hutaja kila jina mara mbili. Je, zinagombana?

JIBU: La, kila moja ina kosa lake. Fokasi ikihama, NVDA hulipitisha tukio hilo kwa zamu: programu-jalizi za jumla (skripti kama zako, zinazofanya kazi katika programu zote), moduli ya programu iliyo mbele, hali ya kuvinjari kama uko kwenye ukurasa wa wavuti, mwisho kitu chenyewe, yaani kitufe au kisanduku. Jina hutamkwa hapo mwisho. Asiyeita nextHandler(), amri ya kulipitisha tukio mbele, amewazibia mdomo wote wanaomfuata. Bila shaka umeandika hivi:

def event_gainFocus(self, obj, nextHandler):
    if obj.role == controlTypes.Role.BUTTON:
        tones.beep(880, 50)
        nextHandler()

Mstari wa mwisho umeingia ndani ya if. Kisanduku si kitufe, basi tukio linafia hapo. Usogeze kushoto, uanzie sawa na if. Hitilafu yoyote inayotangulia mstari huo huleta ukimya uleule: ukiandika obj.name.lower() na kitu hakina jina, Python inagoma. Kosa hilo utalikuta kwenye logi, yaani kumbukumbu ya NVDA; ifungue kwa NVDA+F1.

Majina kurudiwa ni kinyume chake: skripti inatamka obj.name (jina la kitu) kwa ui.message, amri ya kusema, kisha inapitisha tukio, na kitu kinajitaja tena. Kiache kijitaje chenyewe. Skripti iseme lile la ziada tu.

Usihangaike kupanga ipi itangulie. NVDA huweka programu-jalizi za jumla kwenye seti, na seti ya Python haina mpangilio. Kila moja iandikwe iweze kukaa popote kwenye foleni.

Amri za kibodi zina utaratibu mwingine: skripti ya kwanza kuitikia ndiyo inayofanya kazi, zilizobaki haziulizwi. Zikigongana hapo, ipe moja vitufe vingine vya kibodi.

Ukisharekebisha, bonyeza NVDA+Ctrl+F3 kupakia upya programu-jalizi, kisha pita na Tab kwenye fomu yenye visanduku na vitufe. Kimya kikiendelea, bonyeza NVDA+Q uchague kuanza upya nyongeza zote zikiwa zimezimwa. Sauti ikirudi, rejesha nyongeza moja moja, ukianza upya kila mara, hadi ufike kwenye ile inayonyamazisha.